Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Mtafiti wa Mimea – Muheza, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wajumbe wa bodi, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo furaha kubwa kukukaribisha tena shuleni kwetu. Tunasema tena kwa sababu muhula uliopita ulikuja bila msafara, na viatu vyenye matope, ukiwa umebeba magazeti ya zamani, mbao mbili na mikanda, ukatufundisha kukausha mimea.

Siku ile mmoja wetu aliandika kwenye lebo: "Mti mdogo, porini." Ulimuuliza kwa upole, pori lipi? Ukatueleza kwamba ua likikauka hupoteza rangi, na jani haliwezi kusema lilichumwa bondeni au mlimani. Asiyeandika palepale amelitupa. Tangu hapo tunaandika kijiji, mto, tarehe, urefu wa mti na rangi ya ua likiwa bado bichi.

Walimu wametusimulia kwamba miaka mingi ya utafiti wako umeitumia kwa swali moja: kwa nini misitu ya Usambara ina mimea mingi isiyopatikana kwingineko duniani? Sisi tuliozaliwa chini ya milima hii hatukuwahi kujiuliza. Ulitufafanulia kwamba Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, yaani safu ya milima inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Unyevu wa Bahari ya Hindi uliitunza misitu hii hata zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Kati ya mlima na mlima pakabaki nyika. Mmea wa huku ukakosa kuchavushana na ndugu yake wa kule, na baada ya vizazi vingi sana wakaachana kwa jani, kwa ua na kwa mbegu.

Ulipotupandisha kwenye msitu wa Amani, huko Usambara, ulituchuchumaza kando ya kijito, mbele ya mwamba wenye kivuli. Palikuwa na mmea mdogo wenye majani ya manyoya laini, matone ya maji yameganda juu yake, na ua moja la zambarau. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya hapa Tanga, aliupeleka mmea wa aina hiyo kwao, na mwaka 1893 ukapewa jina la Saintpaulia. Leo unauzwa kwenye vyungu nchi nyingi, ilhali wengi wetu tulikuwa hatujauona. Tuliona aibu, na hatuoni vibaya kulisema hilo mbele ya wazazi. Kisha ukatuambia kwamba uchunguzi wa vinasaba umeonyesha ndugu zake wa karibu ni wa jenasi, yaani kundi la mimea ya jamii moja, iitwayo Streptocarpus, na mwaka 2015 ukahamishiwa humo. Kumbe hata jina lililodumu zaidi ya miaka 100 husahihishwa ushahidi ukipatikana!

Tangu Wajerumani wafungue kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, mimea mingi ya huku imechumwa na kusafirishwa. Lebo zina jina la mchumaji. Kijana wa Kisambaa au Kibondei aliyemwonyesha njia mara nyingi hatajwi. Ndiyo maana tulifarijika sana pale mzee mmoja alipotuonyesha msambu, mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, nawe ukasisitiza jina la mzee huyo liandikwe kwenye lebo chini ya majina yetu. Mzee yule yupo hapa leo, amekaa safu ya mbele.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ina changamoto. Sampuli zetu tunazitunza kwenye maboksi ya katoni. Masika iliyopita unyevu uliingia na nyingi zikaota ukungu, zikiwemo za safari yetu ya kwanza. Tulizifukia nyuma ya maabara, lakini lebo zake tumezihifadhi.

Tunakuomba utusaidie kupata kabati lenye milango inayofunga vizuri. La pili, tunaomba uturudishe msituni mvua zikikatika, tukachume upya zile zilizoharibika, palepale lebo zinapoelekeza.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Klabu ya Mazingira