Wamehitimu wangapi, na walianza wangapi?

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa kazini na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ila habari yenu ya mahafali ya kile chuo kikuu binafsi, ile iliyotoka na picha ya vijana wakirusha kofia, imenishinda. Mwandishi wenu kaandika kwamba wahitimu wameongezeka na kwamba karibu wote wanapata ajira mapema. Kayachukua kama yalivyosemwa jukwaani. Hakuuliza hao waliovaa majoho walianza wangapi, wala hiyo ajira inalipa shilingi ngapi.

Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka 34. Jina la mtoto likikatika kwenye rejista ya mahudhurio, mwalimu wa darasa ndiye mwenye kujieleza. Mkaguzi, ambaye siku hizi mnamwita mthibiti ubora, alikuwa anaweka kidole kwenye jina na kuuliza: huyu yuko wapi? Kama amehama, barua ya uhamisho iko wapi? Kama ni mtoro, ulikwenda kwa wazazi wake lini, na mtendaji wa kijiji alipewa taarifa? Mtoto wa darasa la kwanza anafuatiliwa jina kwa jina mpaka la saba, lakini kijana wa chuo kikuu anayelipiwa mamilioni akipotea mwaka wa pili hakuna anayeulizwa.

Mwanangu wa tatu alidahiliwa chuo kimoja binafsi mwaka 2019, shahada ya uhasibu, miaka mitatu. Mkopo wa serikali wa masomo alikosa. Niliuza miti ya mipaina ekari mbili ikiwa na miaka tisa, na kila anayepanda miti huku Njombe anajua maana yake: mnunuzi anaangalia unene wa shina, anakutajia bei ya kukuonea, na wewe barua ya ada iko mfukoni, huwezi kubishana. Siku ya kumpeleka nilikuta orodha ya waliodahiliwa kwenye kozi yake imebandikwa ubaoni. Majina 118, la kwake la 71. Kwa mazoea ya kazi nikaomba nakala, karani akanipa. Siku ya mahafali nikaja nayo. Nikakaa chini ya turubai na kitabu cha mahafali kwenye goti, nikaweka alama ya vyema kwenye kila jina nililolikuta pande zote mbili. Nikarudia mara mbili, maana sikuamini. Walikuwa 63. Najua wengine walikuwa na sapu, yaani mitihani ya marudio, na wengine walikuwa wamekeri masomo, yaani wameyabeba hadi mwaka unaofuata, kwa hiyo nikavuta subira, mwaka uliofuata nikatafuta kitabu kingine. Wakaongezeka tisa. Watu 46 walioanza na mwanangu hawapo kwenye kitabu chochote, na siku zote hizo mbili sikusikia mtu akiwataja jukwaani.

Mmoja namfahamu. Ni binti kutoka Ludewa, alipanga chumba jirani na mwanangu. Bodi ya Mikopo ilimpa sehemu tu ya ada, nyingine baba yake alikuwa anaipata kwa vibarua. Mwaka wa pili alizuiwa mlangoni pa chumba cha mtihani kwa deni la shilingi 380,000. Mwanangu anasema walipotoka baada ya muda wa saa tatu walimkuta bado amesimama ukutani na kalamu yake mkononi. Hakurudi tena. Sasa anaosha vyombo kwenye mgahawa wa stendi Makambako. Kutomaliza kwake hakukufuta deni la Bodi. Liko palepale, na siku akipata kazi ya mshahara atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, kwa shahada ambayo hana.

Na huyu wangu aliyemaliza? Alipigiwa simu na chuo tukiwa mezani tunakula, akaweka spika. Dada wa chuo akamuuliza, "Umeshapata kazi?" Akajibu, "Niko dukani kwa mtu, nauza vifaa vya ujenzi." "Unalipwa?" "Ndiyo." "Haya, hongera sana." Akakata. Haikufika dakika moja. Mshahara wake ni 180,000, na chumba anacholala ni 40,000. Hakuulizwa analipwa kiasi gani, wala kama anachofanya kina uhusiano na uhasibu. Lakini ukisikia wahitimu wameajiriwa, yeye yumo kwenye hesabu, na dada aliyempigia amemaliza kazi yake.

Tena kazi ya serikali aliyoiomba mwanzo aliikosa kwa sababu ya chuo hichohicho. Miezi saba baada ya mahafali hakuwa na cheti wala transkripti, ile hati ya alama za masomo yote. Klirensi, ile fomu ya kuonyesha hudaiwi kitu chuoni, inataka muhuri wa maktaba, wa mhasibu, wa mlezi wa wanafunzi, hadi wa mtu wa michezo, na huyo wa michezo hakuwa na ofisi. Nauli ya Njombe kwenda na kurudi mara nne nimeilipa mimi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kwamba hati za matokeo za muda hazikubaliwi. Joho walimkodisha kwa pesa taslimu siku hiyohiyo, cheti kikashindikana.

Msituambie takwimu za mishahara hazipatikani. Bodi ya Mikopo inapokea makato kutoka kwa waajiri kila mwezi. Mtu akikatwa asilimia 15, Bodi inajua mshahara wake wa msingi, na ilijua alisoma chuo gani na kozi gani tangu ilipomlipia ada. Marekani tangu mwaka 2015 serikali yao ina tovuti, College Scorecard, ambapo mzazi anaandika jina la chuo na kuona ni wangapi wanamaliza na baadaye wanapata kiasi gani, na mapato wameyatoa kwenye kumbukumbu za kodi. Sisi tuna Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, yenye meno. Mwaka 2017 ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Chombo chenye uwezo huo hakiwezi kushindwa kudai namba tatu.

Namba zenyewe ni hizi: walioanza kozi, waliomaliza kwa muda wake, na mshahara wa mhitimu wa katikati, yaani yule anayeangukia katikati ukiwapanga kwa mishahara, baada ya miaka mitatu. Ziandikwe kwenye barua ya udahili, ukurasa wa kwanza, juu ya ada na namba ya akaunti ya benki, kwa herufi za ukubwa uleule wa zile za ada. Chuo kisichoziandika, barua yake isitambuliwe. Mzazi azione kabla hajamwita mnunuzi wa miti.

Orodha ya majina 118 bado ninayo, pamoja na vitabu vyote viwili. Mkimtuma mwandishi wenu Njombe nitampa nakala, na naomba aanze kuwatafuta wale 46 kwa kufuata orodha, mmoja mmoja.

Mwalimu mstaafu,
Njombe