Kiwavi wa kipepeo si kiwavijeshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakulima wenzangu wa Dodoma kuhusu jambo linalonisikitisha kila masika. Mahindi yanapofika magotini, hapa Chamwino huwaona vijana wakipita kando ya mashamba na bomba za dawa mgongoni, wakimnyunyizia kila kiwavi wanayemwona. Hofu yao naielewa, kwa kuwa kiwavijeshi vamizi, yule anayekula mahindi yetu, tunamjua tangu mwaka 2017, lakini miongoni mwa wanaouawa yumo kiwavi asiyegusa mahindi, mtama, uwele wala mizabibu yetu.

Huyo ni mtoto wa yule kipepeo wa rangi ya chungwa, mwenye ncha nyeusi za mabawa zilizotiwa madoa meupe, anayeruka polepole juu ya nyasi. Wataalamu humwita Danaus chrysippus. Jike hutaga yai mojamoja, mara nyingi chini ya jani la mmea wenye utomvu mweupe kama maziwa, ule ambao ng'ombe huukwepa kwa sababu una sumu, na ndiyo maana hubaki umesimama malishoni hata nyasi zikiisha. Baada ya siku chache kiwavi hutoka, hula kwanza ganda la yai lake, kisha hula majani hayo kwa takriban wiki mbili, akijivua ngozi kila anapokua. Sumu ya mmea hubaki mwilini mwake hadi awapo kipepeo, na ndege akishamwonja mmoja hujifunza kuwaacha wengine. Hakika ni kinga ya ajabu kwa mdudu mwepesi namna ile. Mwishowe hujining'iniza kichwa chini, akawa pupa, yaani hutulia ndani ya ganda akigeuka umbo, na takriban mwezi mmoja tangu yai litagwe, kipepeo huruka.

Kuwatofautisha si kazi ngumu. Kiwavijeshi vamizi ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi karibu na mkia, naye hujificha ndani ya moyo wa mmea wa mahindi. Huyu wetu ana pete nyeusi, nyeupe na njano, pamoja na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni, na hukaa waziwazi juu ya jani.

Ninaomba basi dawa ielekezwe kwenye mahindi yenyewe, na mimea ya utomvu iliyo mipakani iachwe bila kufyekwa wala kuchomwa moto hadi mvua zikatike.

Mkulima,
Chamwino, Dodoma.