Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo: Saa zinazofuata baada ya kisu

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Mimi ni daktari wa mifugo. Miaka yangu ya mwanzo kazini niliitumia mazizini, na iliyofuata nikaitumia kwenye nyumba ya panya na sungura wa utafiti. Nakuandikia hadharani badala ya kupitia masijala kwa sababu jambo hili, maumivu ya mnyama katika saa zinazofuata baada ya kukatwa au kupasuliwa, linawagusa pia wafugaji, watu wa maabara na wenzangu wa taaluma, na ningependa walisome pamoja nawe.

Nianze na ndama. Nilipokuwa mwanafunzi tulifundishwa kuunguza vichipukizi vya pembe kwa chuma cha moto. Wawili wanamkaba ndama, wa tatu anakandamiza chuma, harufu ya nywele zinazoungua inapanda, miguu inarushwa, kisha ndama anaachiwa. Akikimbia tu, kazi imekwisha. "Huyo ameshasahau," alisema aliyekuwa akitufundisha, nasi tukaita anayefuata. Jioni nilirudi bandani kuchukua ndoo niliyoiacha. Ndama walikuwa wamesimama, vichwa vimeinama, wakitikisa masikio mara kwa mara, na mmoja alikuwa akijaribu kufikia jeraha kwa kwato ya mguu wa nyuma. Maziwa yao yalikuwa hayajaguswa. Hakuna mtu aliyepangiwa kuwatazama saa ile. Hata mimi nilikuwa nimefuata ndoo.

Hoja yangu yote imo katika jioni hiyo. Tukiandika kanuni za ustawi wa wanyama, macho yetu huganda kwenye kitendo chenyewe: nani ashike kisu, ndama awe na umri gani, apigwe ganzi au asipigwe. Sasa tazama ganzi inavyokwenda. Lidokeini, tunayoitumia zaidi, huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache na huisha baada ya saa 1 au 2. Watafiti waliopima kotisoli, homoni ya mfadhaiko, katika damu ya ndama waliopigwa ganzi kabla ya kukatwa pembe, waliiona ikitulia kwa muda wote wa ganzi. Ganzi ilipoisha, ikapanda. Kumbe tulikuwa tumeahirisha tu maumivu. Walipoongeza dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, kama ketoprofeni, mpando huo ulitoweka karibu wote. Iko pia meloksikamu, ambayo nusu yake huwa ingali mwilini mwa ndama baada ya takriban saa 26, kwa hiyo sindano moja humvusha usiku wa kwanza.

Mheshimiwa, ganzi na dawa ya kutuliza maumivu zinafanya kazi mbili tofauti, na kanuni inayotaja moja tu imefanya nusu ya kazi.

Najua utakachoambiwa na washauri wako: mabaki ya dawa katika nyama na maziwa. Ni hoja nzito kwa ng'ombe anayekamuliwa, na muda wa kusubiri baada ya dawa lazima uheshimiwe. Lakini ndama wa wiki chache hakamuliwi, na kwa kawaida haendi machinjioni wiki hiyo. Tunamnyima dawa kwa hofu isiyomhusu. Kikwazo kikubwa zaidi mara nyingi ni usajili. Marekani, yenye viwanda vyote vile vya dawa, ilisubiri hadi 2017 kuidhinisha dawa ya kwanza kabisa ya kutuliza maumivu kwa mnyama wa chakula, nayo ilikuwa kwa ng'ombe mwenye maambukizi ya kwato. Madaktari wa mifugo kule walikuwa wakitumia dawa hizo kabla ya hapo kwa maelekezo yao wenyewe, ila hapakuwa na moja iliyoandikwa kwenye lebo kwamba ni ya maumivu ya ng'ombe. Dawa isiyoandikwa hivyo haitangazwi kwa wafugaji, haifundishwi, na mfugaji haijui.

Ila usisajili kwa pupa. Diklofenaki ni dawa rahisi na inatuliza maumivu vizuri. Huko Asia Kusini ng'ombe walitibiwa kwayo kwa wingi, na mizoga yao ikaliwa na tumbusi. Figo za ndege hao zilikufa. Sababu ilithibitishwa 2004. 2006 India, Nepal na Pakistan zikapiga marufuku diklofenaki ya mifugo, wakati ambapo aina moja ya tumbusi nchini India ilikuwa ikielekea kupotea kwa zaidi ya asilimia 99. Ketoprofeni niliyoitaja juu nayo ina sumu kwa tumbusi. Meloksikamu haina shida hiyo. Ndiyo maana, ukiniuliza ni ipi ianze kwenye orodha yako, sitasita kuitaja meloksikamu.

Na kanuni ya ndama isinakiliwe kwa mbuzi. Fuvu la mwanambuzi ni jembamba, chuma kikikawia kidogo joto hufika ubongoni, na kipimo cha ganzi kinachomtosha ndama kinaweza kumuua yeye. Hilo liandikwe na watu waliowahi kumshika mwanambuzi.

Sasa maabara. Najua baadhi ziko chini ya wizara ya mwenzako, lakini panya hajui mipaka ya wizara. Mahali nilipofanya kazi, upasuaji ulipendwa kufanyika Ijumaa. Mnyama alilazwa kwa nusukaputi safi kabisa, akashonwa kwa ustadi, akarudishwa kizimbani, na fomu ikajazwa: "Ameamka vizuri." Jumamosi aliingia mhudumu mmoja wa kuweka maji na chakula. Hakuwa na ruhusa ya kugusa kabati la dawa, na hakuna aliyemfundisha atazame nini. Panya ni mnyama wa kuliwa na wengine. Kuonyesha udhaifu kwake ni kujitangaza. Asiyejua atamwona ametulia tu.

Siku hizi hatuna tena udhuru wa kutojua. Tangu 2010 kuna kipimo cha maumivu kinachosoma sura ya panya mdogo wa maabara, chenye alama tano: macho yaliyobanwa, pua iliyotuna, mashavu yaliyotuna, masikio yaliyorudi nyuma na masharubu yaliyobadilika mkao. Sungura, farasi na kondoo nao wametengenezewa vyao. Mhudumu yule wa Jumamosi angeweza kufundishwa hayo kwa muda mfupi.

Watafiti watakuambia dawa za maumivu huharibu majibu. Wakati mwingine ni kweli: anayechunguza uvimbe hawezi kumpa mnyama dawa inayozuia uvimbe, ingawa kundi jingine la dawa, kama buprenofini, huenda likamfaa. Lakini maumivu nayo yanaingia kwenye majibu. Mnyama anayeumwa hula kidogo, hupungua uzito, na kinga yake hubadilika. Anayesema hatumii dawa ili majibu yabaki safi ana wajibu wa kuonyesha usafi huo uko wapi, kwa maandishi, mbele ya kamati, kabla hajaanza. Wanasayansi wa Uingereza William Russell na Rex Burch walitaka tangu 1959 kwamba mnyama abadilishwe kwa njia nyingine inapowezekana, idadi ipunguzwe, na mbinu ziboreshwe ili ateseke kidogo. Mbili za kwanza watafiti wengi wanazisema vizuri kwenye maombi ya vibali. Ya tatu ndiyo inayosahaulika Jumamosi.

Kuna kitu katika sheria ya Uingereza ya 1876 kuhusu majaribio ya wanyama kinachonirudia kila mara. Waandishi wake waliuona usiku unaofuata upasuaji: walisema mnyama ambaye maumivu yake yangeendelea baada ya nusukaputi kuisha auawe kabla hajaamka, isipokuwa mtafiti awe na cheti maalumu. Ni jawabu kali, lakini hawakuwa na meloksikamu wala buprenofini. Sisi tunazo, na bado fomu zetu zinaishia kwenye "ameamka vizuri."

Asije mtu akakuambia kwamba huu ni ulaini wa moyo. Hadi miaka ya 1980 watoto wachanga wa binadamu walikuwa wakipasuliwa kwa dawa kidogo mno ya maumivu, kwa kuaminiwa kwamba hawahisi kama sisi au kwamba dawa ingewadhuru. Utafiti wa 1987 ulionyesha kuwa waliopewa dawa ya kutosha walikuwa na mfadhaiko mdogo na matatizo machache baada ya upasuaji. Waliowapasua mwanzo hawakuwa makatili. Walimtazama mtoto asiyeweza kusema, wakajijibia.

Ninachoomba kinaingia katika ukurasa mmoja wa kanuni. Kwa kuhasi, kutoa pembe, kukata mkia na upasuaji wowote, ganzi au nusukaputi iambatane na dawa ya kutuliza maumivu ya saa zinazofuata, na asiyetaka kuitoa aandike sababu na jina lake. Maafisa ugani waliofunzwa waruhusiwe kubeba na kuchoma dawa zisizo za kulevya, chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo, maana daktari mmoja hawezi kuwa kwenye kila zizi. Maabara isipewe kibali cha upasuaji kama haina mtu mwenye ruhusa ya dawa mwishoni mwa wiki. Na katika kitabu cha kumbukumbu, zizini na maabara, iongezwe safu moja baada ya safu ya upasuaji: nani alimtazama mnyama jioni ile, saa ngapi, na aliona nini.

Nipo tayari kuja kuichora safu hiyo na maafisa wako siku yoyote utakayoniita.

Wako mtiifu,
Daktari wa mifugo