Kabla ya kumchapa paka mdogo, litazame kwanza beseni lake

Malalamiko tunayoyasikia zaidi hapa dukani si ya chakula wala viroboto. Ni haya: "Nimemnunulia beseni, nimemtilia mchanga, na bado anakwenda kukojoa juu ya mswala." Anayesema hivyo huwa ameshachoka. Mswala ulioingia mkojo ni najisi, unataka kufuliwa na kutoharishwa, na sote twajua maji ya mfereji hapa Mombasa hayatoki kila siku. Tunamwelewa kabisa. Hata hivyo tunamwomba asimchape, kwa sababu paka akichapwa hajifunzi kwenda beseni. Anajifunza kukuogopa na kujificha nyuma ya kabati akafanye huko.

Paka katika wiki zake tatu za mwanzo hawezi hata kukojoa mwenyewe, mpaka mama yake amlambe. Akifika wiki 4 hivi ndipo huanza kufukuafukua mchanga, na hamu hiyo hafundishwi na mtu. Kwa hiyo paka mdogo anayelikataa beseni huwa ana sababu, na kazi yetu ni kuitafuta sababu hiyo.

Mara nyingi ni mchanga. Wengi huchota wa baharini kwa kuwa ni wa bure, lakini ule una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Kwa hewa yetu ya pwani, hasa masika, haukauki. Tena haunyonyi mkojo. Mkojo huzama ukakaa chini ya beseni. Paka huingia siku ya kwanza, akakanyaga rojorojo, na kesho yake anatafuta kitu laini na kikavu. Ndani ya nyumba, kitu laini na kikavu ni mswala, zulia au shuka.

Maranda ya seremala ni bora kuliko mchanga wa baharini na hushika harufu vizuri. Chukua yale makubwa ya randa, si vumbi la msumeno linaloingia puani, na umuulize fundi kama mbao zilitiwa dawa au vanishi. Mchanga wa dukani unaoganda ukilowa ni mzuri kwa paka mkubwa, ila kwa mtoto wa chini ya wiki 8 hatukuuzii hata ukisisitiza. Watoto wa umri huo hutia kila kitu mdomoni, na ule mchanga ukiingia tumboni huvimba na unaweza kumziba utumbo. Mpe chembe za mbao zilizoshindiliwa au za karatasi. Na uache ule wenye manukato. Pua ya paka ni kali mno kuliko yetu, na harufu ya waridi inayokupendeza wewe humfukuza yeye. Udi pia: ukitaka kufukiza nyumba, chetezo kikae mbali na pale anapokwenda haja.

Beseni lenyewe si lazima ulinunue kwetu. Mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 20, ukiulaza na kuukata ubavu mmoja, ni beseni zuri kabisa. Upande wa kuingilia ushushe ubaki kama sentimita 5, upige msasa ili usimkate miguu, kisha utie maranda au mchanga wa kina cha sentimita 3 hadi 5. Paka wa wiki 6 hawezi kuparamia ukingo mrefu akiwa amebanwa na haja. Wakiwa paka wawili, weka mabeseni matatu.

Mahali nako kuna mambo yake. Wenye nyumba za ghorofa hupenda kuliweka beseni roshani, harufu itoke nje. Tatizo ni kunguru. Kunguru wa mji huu hawamwogopi mtu, sembuse paka wa kiganja kimoja. Wakimshukia mara moja tu akiwa amechutama, huko roshani harudi tena. Jua la alasiri nalo huchemsha beseni likanuka kupita kiasi. Liweke ndani, kwenye kona tulivu, mbali na sahani yake ya chakula, mahali ambapo mlango haufungwi. Paka mgeni mweke kwenye chumba kimoja kidogo kwa siku za mwanzo, na umpeleke beseni kila akila, akiamka na akimaliza kucheza. Usimshike mikono ukamfukuisha kwa nguvu. Akikojoa kando, futa kwa karatasi na uiweke karatasi hiyo ndani ya beseni, apanuse na kupatambua.

Sasa usafi, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu bila kujua. Usimwage jiki juu ya mkojo wa paka. Mkojo huwa na amonia, na ikikutana na klorini iliyomo ndani ya jiki hutoa hewa mbaya inayochoma macho na kifua, chako na cha paka. Zile dawa za kuua viini zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia maji, nazo ziweke mbali kabisa. Nyingi zina fenoli, ambayo ini la paka haliwezi kuivunja, na yeye hulamba miguu yake kutwa. Pafue kwa sabuni ya kawaida, suuza, kisha pangusa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na uanike juani. Mswala ukishatoka harufu ndipo uutoharishe kwa maji safi kama kawaida. Harufu ikibaki, hata kama wewe huisikii, itamrudisha palepale.

Kinyesi kitoe kila siku. Mama mjamzito asiifanye kazi hiyo, kwa sababu ya toksoplasma, ugonjwa wa kinyesi cha paka unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vijidudu vyake huchukua angalau siku moja kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo maana kinyesi hakifai kulazwa.

Kuna hali ambazo beseni halihusiki kabisa. Paka anayeingia na kutoka, anachutama, analia, anatoa matone au damu, ni mgonjwa. Akiwa dume na mkojo hautoki, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo, usingoje kesho, kwa sababu njia ikiziba anaweza kufa ndani ya siku chache. Akiharisha, huenda ni minyoo, na huyo pia ni wa daktari. Sisi dawa hizo hatuuzi kwa kukisia. Na yule wa karibu miezi 6 anayesimama, akainua mkia na kurusha mkojo ukutani, anaweka alama ya mipaka yake. Huyo dawa yake kubwa ni kuhasiwa.

Ukiwa umejaribu haya na bado anakataa, njoo dukani na picha ya beseni likiwa pale pale linapokaa, bila kulisogeza wala kulisafisha kwa ajili yetu, na mkono mmoja wa mchanga unaoutumia ukiwa kwenye mfuko. Ushauri hatuutozi pesa. Ikibidi tuje nyumbani, twaja jioni, saa ambazo paka huamka na kuanza kuzunguka, tuone mwenyewe anachagua wapi.