Shangazi, kile chombo si cha maua

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Jumapili ile nilipokuletea chombo pale Kangemi ulikipokea kwa mikono miwili, ukakizungusha, kisha ukaniuliza, "Sasa hiki ni cha maji ama cha maua?" Nikanyamaza. Wageni walikuwa wengi na chai ilikuwa ikimiminwa. Nilipoaga, tayari kilikuwa juu ya kabati, kimechomekwa maua ya plastiki. Nakujibu leo, tena hadharani, maana swali lako naulizwa na wengi.

Unaukumbuka ule mkebe wa Kasuku uliojaa jivu, niliokuomba baada ya Krismasi? Ulidhani nataka la kusugulia sufuria. Jivu hilo ndilo linalong'aa mabegani mwa kile chombo. Nililiosha mara tatu, kwa kuwa jivu bichi huchoma mikono, nikalipitisha kwenye chujio la chai, nikalichanganya na udongo mweupe na unga wa jiwe liitwalo feldspa. Mchanganyiko huo twauita gilezi. Ukiupaka, unaona uji wa vumbi tu. Lakini tanuri likifika kama nyuzi 1,250, jivu huyeyusha silika, yaani madini ya kioo yaliyomo kwenye jiwe na udongo, ambayo peke yake yangehitaji moto wa nyuzi 1,700 hivi, na vyote vikawa kioo. Kioo hicho huteremka polepole. Kwenye matuta hubaki chembamba, kikawa kahawia. Kwenye mifereji hutuama, kikawa manjano yenye ukijani. Rangi zile sikuzichora kwa brashi. Ni jiko lako, Shangazi.

Na ile mifereji yenyewe ni gunzi la mahindi. Nililiviringisha tumboni mwa chombo, vile ulivyonisimulia kwamba Nyanya alikuwa akifanya. Hapo hakuna kesho: udongo uwahi ungali maji. Ukikauka, gunzi linateleza bila kuacha alama.

Mtungi wa Nyanya ulikuwa ukitoka jasho, ndiyo maana maji yake yalikuwa baridi hata Januari. Hiki hakitoki jasho, kwani kioo kimeziba vitundu. Maji kitashika, lakini mdomo wake nimeuminya makusudi na kata haipiti. Sikukifinyanga cha maji.

Nilikijenga kwa kamba za udongo, moja juu ya nyingine, bila gurudumu. Kilikuwa na sentimita 45. Baada ya kukauka na kuchomwa mara mbili kimebaki 40. Kilichokitangulia nilikiharakisha tanurini kabla hakijakauka vizuri. Maji yaliyojificha ndani ya udongo yakageuka mvuke, kikapasuka vipande vipande. Niliviokota vile vigae nikiwa na uchungu ambao sikumwambia mtu.

Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa papa hapa Nairobi mwaka 1950, hujenga vyombo vyake kwa mkono vilevile, na baadhi ya ujuzi wake aliupata Nigeria, katika mji wa Abuja ya zamani, ambao leo huitwa Suleja. Yeye hapaki gilezi. Husugua udongo mpaka ung'ae wenyewe. Vyombo vyake vina shingo, tumbo na mgongo kama watu, na vimewekwa katika makumbusho makubwa, likiwemo la British Museum huko London. Hakuna anayeteka navyo maji. Tena mimi naona vimejaa.

Basi nakuomba kitu kimoja. Yatoe yale maua. Kishushe chombo kutoka kabatini, ukiweke kwenye meza ndogo karibu na kiti chako, na watoto wasikatazwe kukigusa. Kipapase kuanzia chini, pale penye udongo mtupu unaokwaruza, upande na gunzi, hadi mkono ufike kwenye ule ulaini wa begani. Ukifumba macho ni bora zaidi. Kilifinyangwa kwa viganja, na kwa viganja ndivyo kinavyosomeka.

Na jivu usimwage. Mkebe ukijaa nipigie simu, nitakuja kuuchukua mwenyewe.

Mwanao.