Mwanangu, huo unga mnaosaga

Marahaba mwanangu. Habari ya kazi nimeipata kwa shangazi yako kabla hata hujanipigia, hongera sana, kiwanda cha unga sio mchezo. Sasa kuna kitu nataka ukijue manake kinahusu hiyo kazi yako kabisa.

Vita ya kwanza ya dunia, 1914 hadi 1918, watu wanasimulia mizinga tu, kumbe viwanda vya chakula ndo vilikuwa vinaibeba. Kule Uruguay kuna mji unaitwa Fray Bentos, kiwanda kilikuwa pembeni ya mto, ng'ombe wanaingia nyama inatoka imeshafungwa kwenye kopo, inapakiwa melini mpaka Ufaransa kwa askari wa Uingereza kwenye mahandaki. Wameila weee mpaka 1917 wakakipa kifaru chao kimoja cha vita jina hilohilo la Fray Bentos. Wajerumani wao walizibiwa bahari, viazi navyo vikaharibika, baridi ya 1916 kuingia 1917 watu wa mjini walikula tanipu, chakula cha mifugo kile.

Huku kwetu sasa. Waingereza walichukua wapagazi kama milioni moja hivi kutoka pande zote za Afrika Mashariki na kwingine, maana magari yalikwama na ng'ombe na farasi walimalizwa na mbung'o. Piga hesabu mwenyewe, mtu anabeba kilo 25 hivi na anakula karibu kilo kwa siku, akitembea wiki mbili kwenda na mbili kurudi mzigo wote ameshaumaliza yeye, ndo maana walihitajika wengi vile.

Na posho yao ilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi umesagwa chengachenga. Dona kama ile inataka moto wa kutosha na muda, wao wanafika kambini usiku, mvua, kuni mbichi, sufuria hazitoshi, wanakula ugali haujaiva. Waganda waliozoea matoke ndo ikawa shida zaidi. Tumbo, kuhara damu, basi. Waliokufa wanahesabiwa zaidi ya 95,000 na wengi ni maradhi sio risasi, na hao ni walioandikwa tu. Mimi hili linaniuma sana mwanangu, mtu amebeba chakula cha jeshi mgongoni halafu anauawa na chakula. Vijijini nako majeshi yote mawili, la Waingereza na la Wajerumani, yalikomba nafaka na mifugo, ukaja na ukame, Wagogo wakapata ile njaa ya Mtunya.

Kariakoo unapopitia kila siku jina limetoka kwao hao wapagazi, kwa Kiingereza waliitwa Carrier Corps, kambi yao ilikuwa pale.

Sasa nijibu, dona ya hapo kwenu mnasaga kwa chekeche la matundu gani, na kwenye mfuko mnaandika ipikwe dakika ngapi? Kama hamuandiki kamwambie bosi wako.

Mama yako