Barua kwa wazazi vijana wa Moshi: mtoto aachwe ale

Kwenu akina mama na akina baba wa Majengo, Pasua, Soweto na kwingineko mjini,

Wanangu, salaam kutoka huku Kibosho. Sitazunguka sana. Watoto wenu mnawalisha kwa vita, na vita hiyo haina mshindi.

Miaka niliyokaa kliniki nikipima watoto, malalamiko yalikuwa yale yale: "Bibi, huyu hali." Ukimwangalia mwenyewe, anacheza, anang'aa, na mstari wa kadi yake unapanda. Kinachowatisha ni hiki. Mtoto aliyezaliwa na kilo tatu, akitimiza mwaka anakuwa na kilo kama tisa. Mwaka wa pili anaongeza kilo mbili, mbili na nusu hivi, basi. Kukua kumepungua kasi, na njaa nayo imepungua. Sahani inarudi na chakula, mama anaona ugonjwa.

Hapo ndipo mbano unapoanza. Mtoto analazwa mapajani, mikono imebanwa, kiganja kinawekwa mdomoni na uji unamiminwa kama anajazwa dumu. Akitaka kupumua, lazima ameze. Nimewaona wakikohoa mpaka macho yanatoka, maana uji ukipotea njia unaingia kwenye mapafu na kuleta nimonia. Hata anayepona hapo anakua akikiona kikombe analia. Mwambieni na dada wa kazi, kwa upole, maana yeye ndiye anayelisha mchana na anaogopa mkirudi mkute bakuli halijaisha. Msimuulize "amemaliza?" Muulizeni amekula nini.

Kazi igawanywe hivi: wewe mzazi unaamua chakula gani, saa ngapi na mnakalia wapi. Mtoto anaamua ale kiasi gani, hata kama ni vijiko viwili. Tumbo lake analijua yeye. Ila ili mpango huu ufanye kazi, lazima afike mezani na njaa. Mtoto aliyepewa chai ya maziwa saa nne, biskuti za dukani kwa Mangi saa tano na juisi ya pakiti saa sita, ndizi za saa saba atazila kwa tumbo lipi? Milo mitatu na vitafunwa mara mbili vinatosha, katikati ni maji. Maziwa ni mazuri, lakini kwa aliyepita mwaka nusu lita kwa siku inatosha. Yakizidi yanafukuza chakula na damu inapungua. Chai ya majani mwondoleeni kabisa wakati wa kula, inazuia madini ya chuma ya maharage na mboga yasiingie mwilini.

Sasa mnafu, ile mboga yetu ya majani. Mnafu ni mchungu, tusidanganyane, hata mimi nilianza kuupenda ukubwani. Mtoto anaweza kuukataa mara kumi na zaidi kabla hajaukubali, na wengi wenu mnakata tamaa siku ya tatu. Uungeni kwa karanga zilizosagwa, mweke kijiko kimoja pembeni ya kiburu cha ndizi na maharage anachokipenda, kisha nyamaza. Akiuchezea kwa vidole, sawa. Akiutema, sawa, kesho kutwa upo tena. Halafu wewe uule mbele yake, baba naye aache kuchagua nyama tu. Na ile ya "maliza mboga nikupe soda" acheni, mnamfundisha kuwa mboga ni adhabu na soda ni zawadi.

Blenda nayo ina shida yake. Akifika miezi tisa, mtori wa ndizi upondwe kwa mwiko ubaki na vinundu. Akitimiza mwaka ale mnachokula, kilichokatwa vidogo na chumvi kidogo. Nimekutana na mtoto wa miaka miwili na nusu anayetapika akigusa kipande cha kiazi, kwa sababu meno yake hayajawahi kupewa kazi. Karanga nzima na karoti mbichi subirini kwanza, zinakaba. Simu ya katuni mezani, zima.

Mtoto ambaye uzito wake umesimama au unashuka, anayekabwa kila akimeza, au aliyepoa tu hataki kucheza, huyo barua yangu haimhusu. Mpelekeni kliniki wiki hii.

La mwisho linatuhusu sisi wazee. Desemba mkipanda huku, kila nyumba mtakayoingia mtoto atawekewa soda mkononi, na kuna babu atakayetaka kumwonjesha mbege. Mbege ni pombe, hata mzee akicheka. Mkituona aibu kutukataza mbele za watu, tupigieni simu kabla hamjafika. Mimi kwangu nitakuwa na maparachichi na maziwa mgando.

Bibi yenu,
Kibosho